Jino Huandikwa Utotoni

 

Redio ina stara yake: mnanisikia, hamnioni. Mngeniona, kitu cha kwanza ambacho wengi wenu mngekitazama ni meno yangu. Ni ya kahawia, rangi ya chai iliyolala kwenye kikombe, na mawili ya mbele yana vishimo kama ukuta uliobanduka chokaa. Nilizaliwa chini ya Mlima Meru nikakulia huko huko. Kijijini kwetu hakuna aliyenishangaa, maana karibu darasa zima tulikuwa hivyo. Nilipochaguliwa kwenda sekondari mkoa wa mbali ndipo nilipojua kwamba mdomo wangu unataja kwetu kabla mimi mwenyewe sijapataja. "Huyu wa Arusha," walisema, hata jina langu hawajalisikia. Juma la kwanza mwenzangu wa kitanda cha jirani aliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini sipigi mswaki. Nilikuwa nikipiga asubuhi na jioni, nikisugua mpaka fizi zinatoka damu. Tangu siku ile nikajifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja.

Likizo ilipofika nikamweleza mama. Hakunijibu. Aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo. Usiku nikamsikia akimuuliza baba, "Au ni mimi niliyekosea kumlea?"

Swali hilo la mama ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Nimelibeba miaka mingi. Katika miaka hiyo nimesoma kazi za madaktari wa meno, wanabiolojia na wanaakiolojia, na kila nilipozigeuza nimekuta zinarudi mahali pamoja: jino huandikwa utotoni, na anayeliandika siye mwenye jino. Huandikwa na maji ya kijiji, chungu cha nyumbani na mikono ya walezi. Ndiyo maana jino linajua habari za asili yetu ambazo sisi wenyewe tumezisahau, na ndiyo maana deni letu kwa watoto ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jino lenyewe. Gamba lake la nje, lile jeupe linaloitwa enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Ngozi ikichubuka hupona. Mfupa ukivunjika huunga. Gamba la jino likiharibika halioti tena, kwa sababu seli zinazolijenga hufa jino linapotokeza kwenye ufizi. Kazi yote hufanyika kabla ya hapo, ndani ya taya, wakati mtoto ananyonya, anatambaa, anajifunza kusema. Magego ya kwanza ya ukubwani, yale yanayoota mtoto akiwa na miaka kama sita, huanza kujengwa karibu na siku anayozaliwa. Meno ya mbele hufuata miezi michache baadaye. Mtoto akifika miaka minane hivi, gamba la karibu meno yote atakayotabasamu nayo maisha yake yote limekwisha kukamilika.

Tena gamba hilo hujengwa siku kwa siku. Ukikata kipande chembamba cha jino na kukitazama kwa hadubini utaona mistari myembamba sana, kila mmoja ni kazi ya siku moja, kama safu za matofali za fundi asiyekosa kazini. Katika meno ya utoto upo mstari mmoja uliokolea kuliko mingine. Huo ni wa kuzaliwa: siku mtoto alipotoka katika joto la tumbo la mama akaingia duniani, mwili ulitikisika, na mtikisiko huo ukabaki ndani ya jino. Mtoto akiugua sana, au nyumba ikipita katika njaa, gamba la majuma hayo huweza kuwa jembamba likaacha mfereji. Mtu anaweza kusahau njaa ya utotoni. Jino lake halisahau.

Sasa fundi huyu anajenga kwa kile anacholetewa, na anacholetewa ni maji, maziwa, uji na mboga.

Milima ya kwetu ni ya volkano. Miamba na majivu ya Meru na Kilimanjaro yana madini ya floraidi, na maji yanayopita humo huyabeba. Upo mto wilayani Arumeru unaoitwa Maji ya Chai kwa rangi yake, na mji uliopo hapo umechukua jina hilo hilo. Maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni miongoni mwa maji yenye floraidi nyingi kupindukia duniani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu mpaka miligramu 4, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine ya kuchagua.

Floraidi ikizidi wakati gamba linajengwa, gamba halikomai sawasawa. Hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa na weupe uliofifia kama chaki, kisha rangi ya chakula na vinywaji huingia humo kidogo kidogo, likawa la njano, likawa la kahawia. Doa hilo liko ndani ya jino, kwa hiyo mswaki haulifikii. Na pale floraidi inapozidi mno, kwa miaka mingi, huingia hata mifupani. Huko kwetu wapo watoto waliopinda miguu kwa sababu ya maji waliyokunywa.

Kisha kuna magadi. Mama zetu hutia magadi kwenye maharage na kande ili viive upesi na kuokoa kuni. Watafiti walipopima magadi yanayouzwa Tanzania wakakuta mengine yana floraidi nyingi, na hivyo wakaelewa kwa nini hata mahali ambapo maji si mabaya sana watoto wengine walikuwa na meno yenye madoa. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka ule ungo wa maharage, nikakumbuka na kijiwe cha magadi kilichokaa siku zote kwenye kikopo kando ya jiko. Mama alikuwa akibana kuni ili watoto wale mapema. Kosa liko wapi hapo?

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alihamia mji wa Colorado Springs huko Marekani, akawakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama yangu. Alilifuatilia kwa miaka thelathini. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji na kuonyesha kwamba kisa ni floraidi. McKay alikuwa amekwisha kugundua jambo lingine pia: meno yale yenye madoa yalikuwa hayaozi kwa urahisi. Ndipo dunia ikajifunza kwamba floraidi kidogo hulinda jino na floraidi nyingi hulidhuru. Dawa ya meno unayonunua dukani leo ina floraidi kwa sababu ya madoa ya watoto wa mji ule.

Na dawa ya maji yetu inatafutwa hapa hapa. Kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, wataalamu wa maji wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja floraidi: mifupa huchomwa kwa uangalifu, husagwa, na maji hupitishwa humo. Mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Arusha, alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio lake la mchanga na chembe ndogo sana, linaloweza kutengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwemo. Kijana wa Kitanzania aliyeyajua maji mabaya tangu utoto wake akarudi kuyatafutia chujio. Hiyo ndiyo sayansi ninayoipenda.

Wasikilizaji, kama jino linaweza kutunza habari za maji kwa miaka hamsini, linaweza kutunza nini kwa miaka elfu? Kwa miaka milioni?

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, mwanaakiolojia Mary Leakey alitoka peke yake kutafuta mabaki. Mumewe Louis alikuwa kambini na homa. Akaona mfupa umechungulia kwenye mteremko, na meno makubwa mawili. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa kale tuliyemzoea kwa jina la Zinjanthropus, aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.75 iliyopita. Magego yake yalikuwa mapana mno, hata akapewa sifa ya mvunja njugu. Karibu miaka hamsini dunia iliamini kwamba alikula njugu na mbegu ngumu. Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, pamoja na mwanaakiolojia wetu Fidelis Masao na Marion Bamford, wakapima aina za kaboni zilizofungwa ndani ya gamba la meno ya viumbe hao waliopatikana Tanzania. Jibu likawa jingine kabisa: sehemu kubwa ya chakula chao ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na mafunjo ya kandokando ya maji. Mwaka 2011 meno kutoka Kenya yalisema hayo hayo. Watu walikuwa wamelitazama jino kwa nje wakamhukumu mwenyewe. Jino lilipopewa nafasi ya kusema, likasema kweli.

Nami nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule mwenzangu wa bwenini.

Tuje pwani sasa, kwenye suala zito zaidi, suala la sisi ni nani.

Tarehe 29 Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Walizikwa Manda, Faza na Mtwapa kwa upande wa Kenya, Kilwa, Songo Mnara na Lindi kwa upande wa Tanzania, na wengine Makwasinyi, bara ya Kenya, mbali na pwani. Miongoni mwa waliouongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya aliyechimba pwani hiyo kwa miongo kadhaa. Vinasaba vya kale huhifadhika vyema katika sehemu chache za mwili, na mbili zilizo bora ni mfupa mgumu wa sikio la ndani na jino. Kwa hiyo mifupa na meno ya wazee wetu ndiyo iliyoitwa kutoa ushahidi.

Kumbukeni kesi yenyewe. Wazee wa pwani wamesimulia tangu kale kwamba mababu zao walitoka Shirazi, Uajemi. Tarikhi ya Kilwa inaeleza hivyo. Waandishi wa kikoloni wakaichukua simulizi hiyo na kuigeuza: wakasema miji ya mawe ilijengwa na wageni na Waafrika walikuwa watumishi tu. Baadaye wanaakiolojia, baada ya kuchimba mji wa kale wa Shanga na kwingineko, wakaonyesha kwamba miji hii ilikua kutokana na vijiji vya wenyeji. Hapo wengine wakaona simulizi ya Shirazi ni ya kubuniwa kwa ajili ya kujipa heshima. Mswahili akabaki kati, huku anaambiwa si Mwafrika hasa, huku anaambiwa babu zake walimdanganya.

Meno yalisema nini? Yalisema kwamba wengi wa wale waliozikwa walikuwa na asili mbili, ya Afrika na ya Asia. Kwa wengi wao asili ya Kiafrika ilikuwa nusu au zaidi. Upande wa Asia, kabla ya mwaka 1500 hivi, ulikuwa kwa sehemu kubwa wa Uajemi, pamoja na chembe ya India. Baada ya hapo asili ya Uarabuni ikaongezeka. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000, wakati Uislamu unaenea mijini. Yaani wazee wa Kilwa hawakusema uongo.

Lakini kuna neno jingine ndani ya ushahidi huo, na kwangu mimi ndilo zito zaidi. Vipo vinasaba tunavyorithi kwa mama tu, na vingine mwana wa kiume hurithi kwa baba tu. Vile vya mama vilikuwa karibu vyote vya Afrika. Vile vya baba vilikuwa kwa wingi vya Asia. Baba alikuja na jahazi. Mama alikuwa mwenyeji. Na watoto wao walizungumza lugha gani? Walizungumza lugha hii tunayozungumza sasa hivi, lugha ya Kibantu kwa mifupa yake, iliyopokea maneno ya mabaharia kama mwenye nyumba anavyopokea zawadi. Hawakuacha lugha ya mama zao wakashika Kiajemi. Mpaka leo, katika miji kadhaa ya pwani na visiwa vya Komoro, nyumba hupewa binti naye mume huja kukaa kwa mkewe. Fundi aliyejenga meno ya mtoto wa Mtwapa aliletewa vifaa na mama wa Kiafrika, naye mama huyo ndiye aliyetia maneno katika kinywa kile kile.

Naomba tusiupe utafiti huu kazi isiyo yake. Wengi wa waliopimwa walikuwa watu wenye nafasi, waliozikwa makaburi ya heshima. Hawakuwa mji mzima. Wala hakuna kinasaba cha Uswahili. Uswahili ni lugha, ni adabu, ni namna ya kupika na kuabudu na kuzika, na mtu huupata kwa kulelewa. Lakini mtindo wa kazi ile umenigusa. Kusimba alijenga uaminifu na wenyeji kwa miaka mingi kabla ya kugusa makaburi yao, na waliochimbuliwa walichukuliwa sampuli ndogo wakarudishwa kaburini msimu huo huo. Sayansi ilibisha hodi. Ilipokaribishwa, ilikaa kwa adabu, na ikaondoka na jibu lililomrudishia Mswahili pande zake zote mbili.

Nimesema jino huandikwa na maji, chakula na ukoo. Huandikwa pia na mikono. Wazee wa Kimaasai waliwang'oa watoto meno mawili ya mbele ya taya la chini. Wajaluo waling'oa sita. Ilikuwa alama ya kuwa mtu wa watu wake, na husemwa pia kwamba pengo lilisaidia kumlisha mgonjwa ambaye taya zimejifunga kwa pepopunda. Desturi hiyo imepungua sana, nami siitazami kwa dharau. Ilikuwa njia ya kumwambia mtoto: wewe ni wetu.

Ipo nyingine, hata hivyo, ambayo siwezi kuinyamazia. Tangu miaka ya 1980 katika sehemu nyingi za Tanzania imeenea imani ya meno ya plastiki, wengine husema meno ya nailoni. Mtoto mchanga anapata homa, anaharisha, anakataa kunyonya. Mtu anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali pa chonge, anasema ugonjwa umo humo. Kisha uvimbe ule hutobolewa na kung'olewa kwa kucha, kwa wembe, kwa spoku ya baiskeli. Uganda nako desturi hii ipo, na iliandikwa na madaktari tangu miaka ya 1960.

Akina mama wanaonisikiliza, na akina bibi hasa, nasema nanyi kwa heshima. Uvimbe ule ni chonge changa ya mtoto, laini kwa sababu gamba lake bado linajengwa. Kila mtoto mwenye afya anao. Homa ile ina kisa chake, mara nyingi malaria au maambukizi mengine. Kuharisha kule kunamkausha maji. Anapopelekwa kung'olewa, masaa yale ambayo angepata dawa ya malaria na maji ya chumvi na sukari yanapotea. Anaongezewa kidonda, anapoteza damu ambayo hana ya kutosha, anaweza kupata pepopunda au sumu ya damu. Watoto wamekufa kwa hili. Na anayepona, mara nyingi chonge yake ya ukubwani, iliyokuwa ikijengwa chini ya ile iliyong'olewa, huota imeharibika au isiote kabisa. Mikono iliyofanya hivyo ilikuwa ya watu waliompenda. Mapenzi yao yalikosa habari, na kazi ya redio ni kuzifikisha.

Basi tufanyeje na watoto wetu?

Kwanza maji. Ukiwa unakaa ukanda wa volkano, ulizia floraidi ya chanzo chako kwenye ofisi ya maji. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwa kawaida hayana floraidi. Kama hayatoshi familia nzima, yawekwe akiba kwa ajili ya mtoto wa chini ya miaka minane na kwa uji wake. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Magadi tuyaweke mbali na chakula cha mtoto.

Pili mswaki. Jino la kwanza likichomoza, lisafishwe. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kiasi cha punje ya njegere mpaka miaka sita, naye afundishwe kutema. Ambaye hana hela ya mswaki wa dukani akumbuke jina lenyewe limetoka wapi. Mswaki ni mti. Babu zetu walitafuna kijiti chake tangu zamani, na Mtume alikihimiza. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake mahali ambapo ni desturi, na mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walionyesha kwamba kijiti hicho kina kemikali ya jamii ile inayoipa haradali ukali wake, nayo huua bakteria wanaohusika na ugonjwa wa fizi. Kinachotakiwa ni kukitumia taratibu, kila upande, mpaka magego ya nyuma.

Tatu, tusingoje muujiza. Nchini Japani Dakta Katsu Takahashi na wenzake wametengeneza kingamwili inayozuia protini moja inayokataza meno kuota. Wanyama waliopewa waliota meno mapya, na mwaka 2024 majaribio ya usalama kwa binadamu yalianza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto. Nimefurahi kuyasikia, maana wapo watoto wanaozaliwa bila meno kadhaa na hao ndio wanaokusudiwa kwanza. Ila wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Mtoto anayekunywa maji ya mtoni leo meno yake yanajengwa leo.

Ndugu wasikilizaji, nimalizie Kilifi. Huko kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walichimba humo, na karibu mita tatu chini wakakuta kishimo chenye mifupa iliyooza mno, ikiguswa inakuwa unga. Hawakujua ni ya nani. Wakafunga bonge zima la udongo kwa plasta, likapelekwa Nairobi, kisha Hispania. Juu ya udongo huo yakaonekana meno mawili. Kwa meno hayo wakashuku kuwa ni binadamu. Walipoendelea wakamkuta mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, mwili ukionekana kama uliviringishwa katika kitu, na kichwa kikionekana kama kiliwekewa mto. Alizikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita. Ndiyo maziko ya kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana barani Afrika. Watafiti kutoka pembe nyingi za dunia walipotafuta jina la kumwita, walimpa la lugha yetu: Mtoto.

Mtu fulani alimlaza vile. Lugha yake hatuijui, sura yake hatuijui. Lakini mkono uliomwekea mtoto yule mto huenda ndio huo huo uliomlisha, na alichomlisha kimo ndani ya meno yale mpaka leo.

Mama yangu hayupo tena. Nilimjibu swali lake kabla hajaondoka. Nilimwambia, "Mama, hukukosea. Ni maji." Alinitazama mdomoni kwa muda, akasema, "Basi wapimieni wenzenu."

Kwa hiyo nayafikisha maneno yake. Kuna mtoto aliyezaliwa alfajiri ya leo huko Maji ya Chai. Bado hana hata jina. Magego yake ya kwanza yameanza kujengwa, na maji ya kumchemshia uji wake yako mtungini, au bado yako mtoni. Mlio karibu naye, mpimieni.